Mgongo wa Mbeho na Mbuzi wa Mjomba

Jana nilipewa mkono wa kwaheri pale hospitali, na pamoja na mkono nikapewa kiti. Ni kiti kizuri, nimekikalia sasa hivi, ila sijajua kama ni zawadi au ni njia ya upole ya kuniambia nisirudi. Wasaidizi vijana wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa enzi za Mjerumani, nilipoanza. Nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo na mishahara hazimo. Waliovipata wanavijua, na waliovikosa wanavijua zaidi.

Nitaandika juu ya mgongo, kwa sababu mgongo ndio sehemu ya mwili mnayoidharau kuliko zote. Mtu akija anakohoa mnamsikiliza kifua. Akija na kidonda mnakifunua. Akija akisema mgongo unamuuma, mnampa dawa ya kuchua, mnamwambia apumzike, nanyi mnakwenda kunywa chai. Nimewaona kwa macho yangu.

Niliingia kazini reli ilipofika Dodoma. Baba yangu alikuwa mtu wa misafara. Alitoka pwani amebeba mizigo ya watu, akaugua hapa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Mama yangu ni Mgogo. Kwa hiyo nilikuwa na Kiswahili cha baba na Kigogo cha mama, na daktari wa Kijerumani alihitaji mtu wa kumtafsiria wagonjwa. Hiyo ndiyo elimu iliyoniingiza hospitali, nyingine niliipata humo humo. Hospitali yenyewe ilikuwa nyumba ndefu ya mawe yenye baraza mbele, na juu yake mabati yaliyolia jua likiwaka na kulia zaidi mvua ikinyesha. Kwa Dodoma hilo la pili halikutusumbua mara nyingi.

Siku yangu ya kwanza aliletwa mfanyakazi wa reli aliyepondwa vidole na chuma. Niliambiwa nishike beseni. Nililishika vizuri sana mpaka damu ilipoanza kuingia, kisha mimi na beseni tukaenda chini pamoja. Nilipofumbua macho, Mzee Farjalla, mkuu wa wasaidizi, alikuwa amesimama juu yangu, hana hasira wala huruma.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mzee. Nisamehe."

"Basi okota beseni. Vidole bado vipo."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Farjalla alikuwa seremala wa milango kabla ya kuja hospitali, na useremala haukumtoka. Hakukata bendeji bila kuipima, hakufunga mguu uliovunjika bila kuupima mguu mzima kwanza. Kipimo chake kilikuwa ufito mwembamba aliouchonga upya kwa kila mgonjwa wa mifupa. Alipomaliza naye aliusimamisha kwenye kona ya ghala pamoja na nyingine. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya jasi, ule unga unaogeuka jiwe ukilowa. Mnayo jasi nyinyi pia, lakini yenu inakuja imekwisha pakwa kwenye bendeji. Sisi tulipaka wenyewe, unga mkavu juu ya kitambaa, tukaviringisha, tukaweka ndani ya debe lililozibwa kwa nta. Debe likiachwa wazi, unga unashika unyevu na mgonjwa anafungwa uji badala ya jiwe. Kwa kosa hilo Farjalla hakukusemesha wiki nzima, na ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Daktari alikuwa mtu mrefu, mwekundu shingoni, Kiswahili chake kimenyooka kama kilivyoandikwa kitabuni. Watu walimwita Bwana Subiri, maana hilo ndilo neno alilolisema kuliko yote. Mgonjwa akilia, subiri. Sisi tukiharakisha, subiri. Yeye mwenyewe akikwama, aliegemea dirisha na kujiambia subiri. Sikupenda serikali yake. Nimeona viboko vya boma, sitavipamba. Lakini kazi ya uganga aliijua, na alipokosea alisema amekosea, jambo ambalo baada yake sikuliona mara nyingi, kwa weupe wala kwa weusi.

Mbeho aliletwa mavuno yalipokwisha. Mume wake, Ndahani, na jamaa zake walimbeba kwenye machela ya ngozi kutoka upande wa Makutupora. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikubwa ya mtu anayefuga. Alikuwa na homa, jasho linamtoka usiku mpaka ngozi ya kulalia inalowa, na mgongo wake, chini karibu na kiuno, ulikuwa haugusiki. Hakuweza kukaa. Akijaribu kusimama, mguu mmoja unakufa ganzi. Alikuwa amekwisha chanjwa na waganga wawili na kuchuliwa na watu wasiohesabika.

Bwana Subiri alimpapasa pingili za mgongo moja moja, akasimama. Akasema ni kifua kikuu cha mgongo. Hicho tulikijua; kinakula pingili mpaka zinaporomoka, na mtu anabaki na kibyongo, au miguu inakufa kabisa. Nilitafsiri kadiri nilivyoweza.

"Atatembea?" Ndahani aliuliza.

"Akilala bila kujigeuza mpaka mfupa ushikane, pengine," daktari akasema. "Akitembea sasa, hapana. Subiri."

Mbeho aliuliza jambo moja tu, na mpaka leo nalisikia. "Nikilala, nani atazalisha mbuzi?" Sikumtafsiria daktari. Nilidhani ni wasiwasi wa mama wa nyumbani.

Kwa mgongo wa namna hiyo tulitengeneza ganda la jasi, kama mtumbwi mfupi uliofuata mwili kutoka kisogoni mpaka mapajani. Mgonjwa analala humo chali, anafungwa kwa mikanda, na humo ndimo anamokula na kuoshwa. Farjalla akaingia na ufito wake, akaulaza kando ya Mbeho kutoka utosini mpaka kisiginoni, akakata alama kwa kisu.

Ndahani akaruka. Alikuwa amewahi kuona watu wa mjini wakizika, na alijua kwamba maiti wa Kiislamu hupimwa kwa ufito kabla kaburi halijachimbwa.

"Mnampima mke wangu kaburi naye anawatazama?" Alimshika Farjalla mkono. "Huyu mzima! Huyu mzima, mzee!"

Jamaa zake wakaanza kuinua machela. Mimi nikapayuka kwa Kigogo kwamba ni kipimo cha kitanda, hakuna aliyenisikiliza. Farjalla hakupandisha sauti. Alimwonyesha Ndahani fito zilizosimama kwenye kona ya ghala, akaniambia nitafsiri.

"Mwambie kila mmoja wa hawa ni mtu aliyefungwa jasi. Huyu alirudi relini. Huyu anauza kuni pale sokoni, kamuulize. Huyu alikufa, sikufichi. Mkeo nitampima mara mbili. Leo amelala, na siku nyingine amesimama."

Ndahani alitazama zile fito. Mbeho akasema, "Niacheni hapa. Kwenye machela nimechoka." Wakamwacha.

Tukamfunga. Ilikuwa kiangazi, upepo wa Dodoma unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria, na kunguni waligundua ganda la Mbeho kabla halijakauka sawasawa. Alijikuna kwa bua la uwele alilolisukuma kati ya jasi na ngozi. Farjalla alijifanya haoni, kisha akalilainisha ncha lile bua ili lisimchubue. Ndahani alikuja mara kwa mara na kibuyu cha maziwa ya mbuzi, mabichi, bado yana joto la kiwele, maana alikuwa ameacha baadhi ya mbuzi wa nyumbani kwa rafiki karibu na mji. Daktari alifurahi. Wakati ule dawa ya kifua kikuu ilikuwa ni kulala, jua na maziwa, na hayo yote tulikuwa nayo. Tulimnywesha kwa bidii.

Lakini homa haikufanya tuliyoitegemea. Ilipanda siku kadhaa, ikashuka kabisa mpaka tukapongezana, kisha ikapanda tena. Na mgongo haukuporomoka. Daktari alipitisha kidole kila alipomfungua kutafuta kibyongo kinachoanza, hakukipata. Usaha ukajikusanya kwenye kinena. Akauvuta kwa sindano ndefu, Mbeho amenishika mkono mpaka nikadhani mifupa itakayovunjika ni yangu. Daktari akajifungia na hadubini yake, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kuipangusa. Alitafuta vijidudu vya kifua kikuu, hakuviona. Alitafuta tena kesho yake. Mchana akatoka, akaegemea dirisha.

"Ramadhani," akaniita. "Kuna homa moja ya visiwa vya Ulaya, huko kwenye kisiwa cha Malta. Inapanda na kushuka namna hii. Wamegundua kwamba inatoka kwa mbuzi, ndani ya maziwa. Vijidudu vyake ni vidogo sana na si wengi waliowahi kuviona. Mara chache vinaingia kwenye mgongo. Mimi sijapata kumwona mgonjwa wake. Muulize huyu mama habari za mbuzi wake. Zote."

Nilikwenda kuuliza. Ndahani alikuwa ameketi kando ya kitanda na kibuyu chake. Nikauliza kama mbuzi wana ugonjwa.

"Mbuzi wazima," alisema haraka.

"Wote?"

"Nimesema wazima."

Sasa vijana, lazima mwelewe jambo hili, maana msipolielewa mtauliza maswali maisha yenu yote na kujibiwa uongo na watu waaminifu. Mgogo mwenye mifugo hawaweki wote kwake. Anawagawa, wengine kwa ndugu huku, wengine kwa rafiki kule, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki. Anayetunza anakunywa maziwa na kuheshimiwa kwa kuaminiwa. Wale mbuzi walikuwa wa mjomba wake Ndahani, mtu wa Zuzu. Kusema mbuzi wa mjomba ni wagonjwa ni kumtukana mjomba kwamba amekupa ugonjwa, au kujitangaza kwamba umeshindwa kutunza. Vyovyote vile, mjomba anakuja kuchukua mbuzi wake, na nyumba inabaki bila maziwa na bila heshima.

Mbeho akageuza macho, kwa kuwa kichwa hakikuweza kugeuka.

"Mwambie," alimwambia mumewe.

Ndahani akaanza kukiziba kibuyu.

"Mwambie, baba."

"Nitamtazamaje mjomba?"

"Basi mimi sina haja ya kumtazama mjomba, natazama dari." Akaniita. "Mdogo wangu, njoo karibu. Mbuzi wanatupa mimba. Tangu walipokuja kutoka Zuzu wanatupa. Wanadondosha watoto wafu, na kondo la nyuma linakataa kutoka. Mimi ndiye niliyekuwa natia mkono, nalivuta. Mchana nalivuta, jioni nawakamua. Baada ya hapo ndipo homa ilipoanza. Nilikuuliza siku ile nani atazalisha mbuzi. Hukunijibu."

Nilikwenda kumwambia daktari. Alikaa chini. "Na sisi tumekuwa tukimnywesha maziwa yao," akasema. "Mimi niliamuru." Kisha akasimama, akachukua damu ya Mbeho, akaitia ndani ya vichupa, akaipeleka kwa treni pwani kwenye nyumba yao ya uchunguzi. Jibu lilikuja kwamba inaelekea ndivyo, hawawezi kuapa. Bwana Subiri alisema inatosha.

Mngetegemea kazi iliyobaki iwe rahisi. Dawa ya kuua vijidudu hivyo haikuwepo, na nyinyi pia hamnayo, kwa hiyo msinitazame hivyo. Kilichobaki ni ganda, muda, na kutomwongezea ugonjwa. Maziwa yachemshwe, daktari akaamuru, pale hospitali na kule nyumbani kwa watoto wa Mbeho.

Ndahani akakataa katakata. Maziwa yakiwekwa motoni, kiwele cha mnyama aliyeyatoa kinakauka. Hilo kwao lilikuwa wazi kama jua. Na mbuzi wenyewe si wake. Daktari alieleza habari za vijidudu. Farjalla alieleza kwamba pwani watu wanachemsha na mbuzi wanatoa maziwa. Ndahani akasema hao ni mbuzi wa pwani. Mimi nilikasirika, nikamwambia achague kati ya mke na mbuzi, na hilo lilikuwa swali la kipumbavu, maana bila mbuzi watoto wake wangekula nini?

"Nimchukue nyumbani," akasema. "Mmemfunga kama gogo, mmemnywesha, na sasa mnasema mlichomnywesha ndicho kinachomuua. Nifungulieni."

Akaanza kufungua mkanda wa kwanza mwenyewe. Nilimshika, akanisukuma. Mbeho alikuwa ameanza kupata nafuu ya maumivu. Angeinuliwa wakati ule, mfupa uliokuwa unashikana ungeachana, na pengine miguu ingekufa palepale. Daktari alikuja mbio, na huyo hakuwa mtu wa mbio.

"Ondoa mkono wako," Mbeho akamwambia mumewe. Hakupiga kelele. "Nimelala humu kunguni wananila, sijageuka hata mara moja. Nimejikojolea mbele za watu wazima. Sijavumilia yote hayo ili wewe unitoe katikati. Nitatoka humu kwa miguu yangu au sitoki. Funga."

Ndahani akasimama, mkanda mkononi. Alikuwa analia, na sioni aibu kusema mimi pia nililia. Kisha akaufunga, vibaya, na Farjalla akaufunga upya.

Habari ya maziwa ilimalizwa siku nyingine, na Mbeho mwenyewe, akiwa bado anatazama dari.

"Baba, uji unachemka au hauchemki?"

"Unachemka."

"Mama yako alipotia maziwa ndani ya uji, mbuzi walikauka?"

"Uji ni uji," Ndahani alisema.

"Na maziwa alitia lini, uji umeiva au unatokota?"

Ndahani alifikiri sana. "Unatokota."

"Basi usichemshe maziwa. Kibuyu kisikaribie moto. Pika uji mwepesi, ukitokota mwagia maziwa yote, uache utokote tena mpaka upande juu. Watoto wanywe hivyo. Na mimi hivyo. Na makondo ya mbuzi usiyaguse, tumia majani, uyazike mbali, kisha unawe kwa majivu."

Nilimtafsiria daktari. Akauliza uji unatokota kwa muda gani baada ya maziwa kuingia. Nikamwambia mpaka upande juu. Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, akasema uji huo uandikwe kwenye dawa za hospitali. Kuanzia hapo tukawa na chungu mbele ya baraza.

Homa ikapanda tena, lakini chini ya mwanzo. Ikashuka. Ikapanda tena, chini zaidi ya hapo. Hakuna siku ambayo naweza kuwaambia, hii ndiyo siku aliyopona. Kulikuwa na kurudia tu: kumwosha, kumpaka spiriti mgongoni jasi isimchune, kumkanda miguu, kumpima joto kwa kipimajoto chetu kimoja, kumlisha uji. Vijana wengi wanapenda upasuaji. Mimi nawaambia kazi ile ya kurudia ndiyo iliyonifanya mtu wa hospitali.

Kabla sijafika mwisho wa Mbeho, niseme haraka yaliyofuata, maana nataka kumalizia pale ninapopenda mimi. Kustaafu kuna faida zake. Vita vikaja, Bwana Subiri akaondoka na askari na sikumwona tena. Waingereza wakashika hospitali na kubadilisha majina ya vitu vyote isipokuwa beseni. Mzee Farjalla alifariki, na aliyempima kwa ufito ni mimi. Nilipima mara mbili, kama alivyonifundisha. Wagonjwa wa mgongo wameendelea kuja. Wengi ni kifua kikuu, na wengi wa hao tumewapoteza. Lakini mara chache anakuja mtu wa mbuzi, na huyo tunaweza kumsaidia tukimjua mapema. Kwa hiyo ulizeni mbuzi. Na mkiambiwa ni wazima, ulizeni ni wa nani.

Sasa, siku yenyewe. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, watu wote wako mashambani wanapanda uwele, na Ndahani aliacha shamba akaja. Daktari alimpapasa Mbeho pingili moja moja, akabonyeza kwa nguvu, akamtazama usoni. Mbeho hakukunja uso. Tukamfungua mikanda, tukamkalisha siku ile, na siku zilizofuata tukamning'iniza miguu kitandani mpaka kizunguzungu kiishe. Kisha ikaja asubuhi aliyosema, "Leo."

Alitoka mpaka barazani ameshika bega langu upande mmoja na la daktari upande mwingine. Miguu yake ilikuwa imekonda kama fito. Kwenye nguzo akatuachia sote wawili, akasimama. Nje, karibu na chungu cha uji, Ndahani aliinuka.

Farjalla akaenda ghalani, akarudi na ufito wake uleule. Akausimamisha nyuma ya Mbeho, kisigino mpaka utosini. Sote tukainama kutazama. Mgongo ulikuwa umenyooka, hakuna kibyongo, lakini alama ya kisu ilipita kichwa chake kwa upana wa kidole. Pingili zilizoliwa zilikuwa zimeshikana, zikawa fupi kidogo.

"Kidole kimoja," Farjalla akasema. Seremala hakuweza kudanganya kipimo.

Mbeho alipeleka mkono nyuma, akapapasa nafasi ile iliyobaki. "Hicho wamekula mbuzi wa mjomba," alisema. "Wakishiba, wasirudi."

Ndahani akapanda barazani. Akanyoosha mkono, na Farjalla, ambaye hakuwahi kumpa mtu ufito wake, akampa. Ndahani akautazama kutoka ncha hadi ncha, akauweka juu ya goti akauvunja, akauvunja tena, akashuka nao na kuusukuma motoni chini ya chungu.

"Sasa hana kipimo," alisema, akakoroga uji.